Vifuko vya Zambarau

Kifuko kilipasuka kabla Hester hajakifikisha kwenye gunia.

“Ah, jamani!” Aliruka nyuma, lakini alikuwa amechelewa. Uchafu ulishatapakaa kwenye glavu na kushuka hadi kwenye mkono wa koti. Harufu yake ikachanganyika na ile ya vitunguu saumu mwitu vilivyofunika ardhi yote chini ya mialoni.

“Cha zambarau tena?” aliuliza Bi Doreen, bibi wa miaka sabini na ushei aliyekuwa akiokota makopo ng’ambo ya njia.

“Cha zambarau tena. Kwenye mti uleule wa miiba. Na kimetiwa manukato, eti kisinuke.”

“Mimi nimezaa, nimeuguza na nimezika, mwanangu, lakini ugonjwa huu sijauelewa. Mtu anaokota kinyesi cha mbwa wake, anakifunga vizuri, halafu anakitundika mtini kama pambo la Krismasi!”

“Angekiacha chini kingeoza. Humu ndani hakiozi.”

Hester Wragg alikuwa msimamizi wa Msitu wa Hollins, msitu uliokuwepo kabla ya kanisa la kijiji, na pengine kabla ya kijiji chenyewe. Mwisho wa Aprili maua ya buluu yalikuwa yanaanza kufunguka, na wageni wa mjini wangefurika kuyapiga picha. Kila Jumamosi yeye na wachache wa kijijini waliokota takataka. Makopo hayakumsumbua, wala chupa. Vifuko vya zambarau ndivyo vilivyomkosesha hamu ya chakula cha mchana.

“Chai imefika, mabibi!”

Julian Farrant alikuja akikwepa madimbwi, chupa ya chai mkononi na mabuti yake ya mpira ya kijani miguuni. Ubavuni mwa buti la kushoto palikuwa na kiraka chekundu. Hester alikibandika mwenyewe majira ya baridi, kwa kipande cha mpira wa baiskeli.

Julian aliona glavu, akakunja uso. “Amefanya tena? Mshenzi huyu! Nguruwe ana adabu kuliko yeye. Nikimkamata, nitamlambisha.”

“Maneno mazito kabla ya biskuti,” alisema Bi Doreen.

“Yananitoka moyoni, Bi Doreen. Mtu asiyeheshimu msitu kama huu hana heshima kwa chochote.”

Maneno kama hayo ndiyo yaliyomvuta Hester kwake, mwaka juzi, kwenye mkutano wa kijiji. Julian alisimama akalaani wachafuzi wa msitu mpaka mwenyekiti akamsihi akae. Hester alikuwa amezoea kuambiwa anakuza mambo. Siku ile alimwona mtu anayeona kinyaa palepale anapokiona yeye.

Mbwa mkubwa wa kahawia alichomoka nyuma ya Bi Doreen, akamrukia Hester kwa furaha. Julian alirudi nyuma na kupiga chafya mara mbili.

“Mshike huyo, tafadhali! Mnajua mbwa wananiua.”

“Bracken, njoo huku,” alisema Bi Doreen, akimvuta kwa kamba. “Bwana harusi ana pua laini.”

Hester aliangalia pembeni. Bracken alikuwa wake. Alimlea tangu kitoto, akampa Bi Doreen pale Julian alipohamia nyumbani kwa Hester na kuanza kupiga chafya. Mbwa bado alilala mlangoni kwa Bi Doreen, akiangalia njia ya kwenda kwa Hester.

“Kesho tangazo la tatu la ndoa yetu kanisani,” alisema Julian, akimbusu Hester kwenye nywele, mbali na glavu. “Mama amefika kutoka Bath, leo nitalala hotelini alikofikia asijione mpweke. Baada ya kesho, mpenzi, hakuna wa kutuzuia.”

Alipoondoka, Hester aliinama kando ya mti wa miiba na kufungua kikasha kilichofichwa kwenye majani, cha kuwapiga picha melesi, wale wanyama wa usiku wenye milia usoni wanaoishi mashimoni.

“Kamera ya melesi?” aliuliza Bi Doreen.

“Ndiyo. Jumatatu nimeihamishia hapa, wamechimba shimo jipya. Inarekodi na sauti.”

“Julian anajua umeihamisha?”

“Hapana. Huwa hasikilizi nikianza habari za melesi.”

* * *

Waliifungua kadi ya kamera jikoni kwa Bi Doreen, kwenye kompyuta yake, birika likichemka. Kamera iliwekwa chini kumlenga mnyama mfupi, kwa hiyo ilionyesha watu kuanzia magotini kushuka.

Kwanza alipita melesi. Kisha sungura. Kisha, Jumatano mchana, akatokea mbwa wa miguu mifupi, mwili mrefu kama soseji, akachuchumaa katikati ya maua.

“Pickle, umemaliza? Mtoto mzuri wa mama!” ilisema sauti ya mwanamke. Mabuti ya mpira yenye picha za maua yakaingia kwenye picha, na mkono ukashuka na kifuko cha zambarau.

“Lete nitundike,” ilisema sauti ya mwanamume.

Birika lilianza kupiga mluzi. Bi Doreen hakuinuka.

“Si tukipeleke pipani, Julian?”

“Pipa liko kule getini. Kiache hapo. Jumamosi Hester ataokota.”

Mwanamke alicheka. “Masikini! Na wewe utakuwepo?”

“Nitakuwepo na chai. Nitapiga kelele kuliko wote. Usimwonee huruma, Tamsin, ndiyo raha yake. Mpe gunia na uchafu wa watu, humpati mwanamke mwenye furaha kama yeye Uingereza nzima.”

Halafu maneno yakakoma. Mabuti ya kijani yalisogelea mabuti ya maua mpaka ncha zikagusana, yakakaa hivyo kwa muda mrefu. Pickle alikaa chini akaitazama kamera.

Bi Doreen aliisogelea kompyuta. “Tamsin? Tamsin Vale? Huyu anayekupangia maua ya harusi?”

“Huyuhuyu.”

Hester alirudisha picha nyuma, akaiangalia tena.

“Unaangalia mara ya pili ya nini, mwanangu? Unajitesa.”

“Nataka kuhakikisha kiraka ni changu.” Alisimamisha picha. Kiraka chekundu kilikuwa pale, na pembe moja ilikuwa imeanza kubanduka, kama alivyoiona asubuhi. “Ni changu.”

Aliinuka, akaenda kwenye sinki na kunawa mikono kwa sabuni hadi viwikoni. Alikuwa ameshanawa alipotoka msituni. Alihisi kichefuchefu, na kilimshangaza kwa sababu hakikutokana na lile busu. Busu aliliona kama kitu cha kawaida cha aibu, cha watu wasiojizuia. Kilichomtia kinyaa ni neno moja, *ataokota*, na jinsi lilivyotamkwa kwa wepesi.

“Na zile chafya?” alisema akiwa bado amempa Bi Doreen mgongo. “Mbwa alikuwa miguuni pake. Umesikia chafya hata moja?”

Bi Doreen aligeuka. Alimwangalia Bracken, aliyelala mlangoni.

Hester alijifuta mikono, akapiga simu.

“Mpenzi!” Julian alikuwa mchangamfu. “Mama anauliza kofia gani avae kesho.”

“Avae anayoipenda. Julian, Jumatano ulikuwa wapi?”

“Jumatano? Birmingham, kwenye kikao. Nilikuambia.”

“Siku nzima?”

“Siku nzima, na foleni ya barabarani juu yake. Kwa nini?”

“Tamsin ana mbwa. Nilikuwa nafikiria, akija kupanga maua siku ya harusi, hutapata shida?”

“Ana mbwa? Sijui. Simjui kihivyo, huyo dada. Mwambie amwache nyumbani, nisije nikapiga chafya kwenye kiapo.” Akacheka. “Una nini leo? Sauti yako imekuwa kama ya mpelelezi.”

“Nimechoka kuokota.”

“Pole. Lala mapema.”

Baada ya muda ujumbe uliingia: *Nakupenda kuliko miti yako yote. Kesho saa nne kanisani. J.*

Hester aliandika: *Nitakuwepo.*

“Mfukuze leo!” alisema Bi Doreen. “Mtupie mabegi yake nje!”

“Nikimfukuza leo, kesho atakuwa ameshasimulia kijiji kizima kuwa nimepata wazimu wa bibi harusi, na watamwamini kwa sababu anazungumza vizuri. Kesho kuna mtu atauliza swali mbele ya watu wote, Bi Doreen. Huuliza kila mara na hakuna anayejibu.”

Bi Doreen alimtazama, akaelewa, akaenda kumimina chai.

* * *

Kanisa lilijaa kuliko kawaida. Mama yake Julian alikaa mbele na kofia yenye manyoya, Julian akiwa kati yake na Hester. Tamsin Vale alikaa benchi la nyuma kabisa, Pickle amejikunja chini ya miguu yake. Kanisa lile halikuwahi kumfukuza mbwa, na Mchungaji Philippa aliweka biskuti za mbwa karibu na vitabu vya nyimbo.

Mchungaji alikunjua karatasi, akatabasamu.

“Natangaza ndoa kati ya Julian Edmund Farrant na Hester Wragg, wote wa parokia hii. Naulizia kwa mara ya tatu na ya mwisho. Kama yupo anayejua sababu halali ya kuwazuia watu hawa wasioane, aiseme sasa.”

Kama ilivyo desturi, mtu mmoja alikohoa na wengine wakacheka kidogo. Mchungaji alikuwa ameanza kukunja karatasi Hester aliposimama. Julian alidhani ananyoosha sketi.

“Ipo,” alisema Hester.

Kicheko kilikatika.

“Kaa chini,” alinong’ona Julian, bado anatabasamu. “Si utani mzuri.”

“Hester,” alisema Mchungaji kwa upole, “una hakika unataka kusema hapa?”

“Umeuliza hapa, Mchungaji.” Alizungumza kwa sauti anayotumia kuwaeleza wageni habari za miti. “Jumatano Julian alikuwa Msitu wa Hollins na Tamsin Vale, nami aliniambia yuko Birmingham. Vile vifuko vya zambarau tunavyookota kila Jumamosi ni vyao. Anavitundika yeye kwa mkono wake, akijua nitakuja kuvitoa. Kamera ya melesi imewanasa kwa picha na sauti.”

“Vifuko?” mama yake Julian aligeuka. “Vifuko vya nini?”

“Vya mavi ya mbwa, bibie,” alisema Bi Doreen kutoka safu ya pili.

“Huu ni upuuzi!” Julian alisimama. Sauti yake nzuri ilijaza kanisa. “Jamani, mnanijua! Simjui huyo dada zaidi ya salamu, na mbwa siwezi hata kuwakaribia!”

Kule nyuma palisikika makucha yakikwaruza mawe ya sakafu. Pickle aliposikia sauti ile alichoropoka chini ya benchi, kamba ikiburuzika, masikio yakipepea. Tamsin aliita kwa kunong’ona, “Pickle! Rudi!” lakini mbwa alishapita katikati ya waumini wote. Alifika kwa Julian, akajiviringisha na kulala chali juu ya viatu vyake, tumbo juu, akingoja kukunwa.

Watu walingoja chafya. Chafya haikuja.

“Inaelekea mnafahamiana,” alisema Mchungaji Philippa.

Mama yake Julian alianza kuvaa glavu zake, kidole kimoja kimoja, bila kumwangalia mwanawe.

Mchungaji alishusha pumzi. “Hester, pole sana. Lakini ni wajibu wangu kukuambia kwamba kisheria uongo si kizuizi. Wala uchafu.”

“Najua, nimesoma. Sheria inataka ridhaa ya wawili. Wa pili ni mimi, na sina. Hicho ndicho kizuizi.”

Mchungaji aliitazama karatasi, kisha akaichana katikati.

* * *

Julian alimfuata mpaka kwenye makaburi, uso umemwiva.

“Umenidhalilisha mbele ya mama yangu kwa sababu ya mavi ya mbwa?”

“Hapana.”

“Tamsin si chochote! Nitamwacha leo hii. Tunaweza kuzungumza kama watu wazima. Hester, watu husameheana makubwa kuliko haya!”

“Ungempenda mtu mwingine ukaniambia, ningeumia, tungeachana, tungesalimiana dukani. Lakini wewe ulinitengenezea uchafu wiki nzima, halafu ukaja na chai kunitazama nikiubeba. Nikikukaribia sasa nasikia ile harufu. Sisemi kukuumiza. Ni kweli nasikia.” Alirudi hatua nyuma, kwa sababu ilikuwa kweli.

“Na mbwa wangu nilimtoa kwa ajili yako,” aliongeza, na hapo tu sauti yake ikatetemeka.

Akavua pete.

Bi Doreen, aliyekuwa amesimama karibu bila kujificha, alichomoa kifuko kipya mfukoni. Kilikuwa cha zambarau.

“Itie humu, mwanangu. Wanaviuza duka la kijiji. Itamfaa.”

“Hapana, Bi Doreen. Akipewa kifuko atakitundika mtini, na Jumamosi tutakaokiokota ni sisi.”

Aliiweka pete kiganjani mwa Julian, akaenda kwenye bomba ambalo watu huchotea maji ya maua ya makaburi, na kunawa.

“Bracken yuko wapi?” aliuliza.

“Garini. Na blanketi lake na bakuli lake. Unadhani jana usiku nilikuwa nafanya nini?”

Mbwa alipofunguliwa mlango alimzunguka Hester mara kadhaa akilia kwa furaha. Halafu, kwa msisimko huohuo, akaenda kando ya ukuta wa kanisa na kuchuchumaa mbele ya Julian na waumini waliokuwa wakitoka.

Hester alinyoosha mkono. Bi Doreen akampa kifuko cha zambarau.

Aliinama, akaokota, akafunga. Kilikuwa cha moto na kilinuka. Alikibeba mbele ya watu wote mpaka kwenye pipa la getini, akakitupa ndani na kufunga kifuniko.