Mtaa Uliporudishiwa Sauti Zake

Fundi Viti alikuwa haoni tangu utotoni. Lakini mtaa wote aliujua.

Kazi yake ilikuwa kusuka viti. Watu walimletea viti vilivyotoboka, naye akavisuka upya kwa kamba. Watani wake walisema, "Mpelekee Fundi, akipe kiti chako makalio mapya."

Mkewe alikuwa mshonaji. Cherehani yake ilikaa chumba cha mbele, pale pale mumewe aliposukia viti.

Asubuhi Fundi Viti alichukua fimbo yake nyeupe akaenda kununua kamba. Alikwenda peke yake.

"Mume wangu, unajuaje ulipofika?" mkewe alimwuliza.

"Mlango wa kinyozi unalia kwenye bawaba. Mbele yake bomba linadondosha maji. Nikisikia fundi baiskeli anagonga ringi, nakata kushoto."

Mshonaji alitikisa kichwa. Walikuwa wameoana zamani, watoto wao walishaanza kujitegemea, na bado mtu huyu alimshangaza.

Kisha ng'ambo ya barabara likafunguliwa duka la simu na muziki. Mwenye duka alikuwa kijana mcheshi. Alitoa nje spika mbili kubwa kama makabati, akazielekeza barabarani. Tangu asubuhi mpaka jioni zilinguruma. Vikombe vilitetemeka kabatini. Watoto walisoma wakiwa wameziba masikio. Haikupita wiki, kijana akapewa jina: Spika.

Siku ya kwanza Fundi Viti alisimama mlangoni na fimbo yake. Alisikiliza. Kisha akarudi ndani.

"Vipi tena?" mkewe aliuliza.

"Mtaa umepotea," alisema.

Siku iliyofuata alijikaza akatoka. Alipofika katikati ya barabara, pikipiki ikamkumba. Fimbo ilivunjika vipande viwili. Yeye alianguka, akachubuka viwiko na magoti. Mwendesha pikipiki alimwinua.

"Nilipiga honi, mzee wangu! Nilipiga!"

"Naamini ulipiga, mwanangu. Ila sikuisikia."

Tangu siku hiyo hakutoka tena bila kushikwa mkono. Fimbo mpya ilikaa nyuma ya mlango. Alisuka viti kimyakimya, na chakula alikigusa tu.

Mshonaji hasira zikampanda. Alivuka barabara.

"Zima makelele yako, mtoto usiye na adabu!"

"Mama, biashara matangazo!" Spika alijibu akicheka. "Anayetaka kimya aende makaburini." Akaongeza sauti.

Mshonaji alirudi akihema. "Kesho nakata nyaya zake kwa mkasi wangu huu!"

"Ukikata nyaya zake, mwenye kesi utakuwa wewe," mumewe alisema. "Hasira hasara, mke wangu."

Kesho yake alikuja Bibi Afya. Hilo ndilo jina walilompa afisa wa afya wa mtaa. Alileta gauni lake lililombana.

"Niongezee mikono!" alipaza sauti kushindana na muziki.

Mshonaji alisikia "niondolee mikono." Akachukua mkasi.

"We! We! Gauni langu!" Bibi Afya alilinyakua. Walicheka mpaka wakashika mbavu. Kisha Bibi Afya akaacha kucheka. Aliitazama ile fimbo, akamtazama Fundi Viti.

"Hali hii mnaiishi kila siku?"

"Kila siku, dada. Tufanyeje? Dukani ni kwake."

"Duka ni lake. Masikio ni yenu. Hamjui kuna sheria ndogo ya kelele?"

"Kelele nazo zina sheria?" Mshonaji alishangaa.

"Zinayo. Halmashauri yetu imeiweka kwa ajili ya wakazi wote."

"Inakataza muziki?" aliuliza Fundi Viti.

"Hapana, shemeji. Inaweka kiwango. Mchana kiwango ni kikubwa kidogo, usiku kinashuka ili watu walale. Karibu na hospitali na shule kinashuka zaidi. Na anayetaka kutoa spika nje ya duka lazima apate kibali. Sheria hizi hutofautiana mahali na mahali, ndiyo maana ni vizuri kuuliza ofisini."

"Basi njoo umkamate!" Mshonaji alidakia.

"Polepole. Kwanza zungumza naye kwa upole. Mweleze unavyoumia. Asiposikia, leta malalamiko ofisini. Useme ni kelele gani, inatoka wapi, na husikika saa ngapi. Usitukane, usivunje kitu. Tutakuja kupima. Akiwa amezidisha, atapewa onyo na muda wa kurekebisha. Akikaidi, ndipo adhabu inafuata."

Mshonaji aliinamisha kichwa. "Mimi nilianza na matusi."

"Basi anza upya."

Alianza upya. Alimweleza Spika habari ya pikipiki. Kijana alikunja uso.

"Pole kwa mzee, mama. Lakini nikipunguza, wateja watajuaje nipo?" Hakupunguza.

Mshonaji akaenda ofisini, akatoa malalamiko yake.

Bibi Afya alikuja mchana, watu wakiwa wengi. Mkononi alikuwa na kifaa kidogo kama rimoti, chenye sifongo nyeusi kichwani. Watu walimzunguka. Alikielekeza kwenye spika, na tarakimu zikaanza kupanda zenyewe.

"Kumbe sauti inapimwa kama sukari!" alisema kinyozi.

Spika alisogea, macho yamemtoka. "Kadude haka kanaisikia?"

"Kanaisikia, na hakana upendeleo. Tazama. Umevuka kiwango, tena mbali. Na kibali huna. Sasa zima kabisa, niupime mtaa wenyewe."

Spika akabonyeza.

Kimya kilishuka ghafla. Watu walitazamana kama waliotoka majini. Nyumba ya pili, mtoto mchanga aliyekuwa akilia akanyamaza.

Fundi Viti alitokea mlangoni. Aliinua uso wake.

"Aah," alisema taratibu. "Kinyozi, umetia mafuta bawaba zako."

"Nimetia jana, Fundi!"

"Kuna mtu hapo nyuma anamenya chungwa."

Mwanamke mmoja alificha chungwa lake nyuma ya mgongo. Watu waliangua kicheko, kisha wakatulia tena. Walitaka kusikia zaidi.

"Na wewe Spika, una viatu vipya. Kimoja kinakubana. Unakanyaga kwa woga."

Spika aliviangalia viatu vyake. Alibaki mdomo wazi.

"Mzee... yote haya unayasikia?"

"Ndivyo ninavyoona, mwanangu. Spika zako zilinifunga kitambaa usoni."

 

"Nisamehe, mzee," alisema Spika. "Sikujua."

Bibi Afya hakuwa amemaliza. "Sheria ni msumeno," alisema, "hukata mbele na nyuma." Akaingia kuipima cherehani.

"Hata mimi?" Mshonaji aliruka.

"Hata wewe."

Cherehani haikuzidi kiwango. Lakini ilikuwa imeegemea ukuta wa jirani, na ukuta ulikuwa unatetemeka.

"Isogeze, na uiwekee mpira chini," Bibi Afya alishauri.

"Asante!" ilisikika sauti ya mama wa yule mtoto mchanga, kutoka upande wa pili wa ukuta. Mshonaji aliona haya. Siku zote hizo jirani alikuwa amevumilia. Aliisogeza siku hiyo hiyo.

Spika aliingiza spika zake ndani, akaacha redio ndogo mezani. Wateja hawakupungua. "Kumbe walikuwa wanashindwa hata kuniuliza bei," alisema.

Fundi Viti akachukua fimbo, akatoka peke yake.

Alasiri moja alikuwa anasuka kiti. Ghafla mikono yake ikasimama.

"Mke wangu, anua nguo. Mvua inakuja."

Mshonaji alichungulia nje. Jua lilikuwa linawaka. "Mvua gani? Iko wapi?"

"Simamisha cherehani. Fumba macho."

Alifumba. Mwanzo hakusikia kitu. Kisha, mbali sana, akasikia kama mchanga unamwagwa juu ya bati. Halafu bati jingine, karibu zaidi. Halafu jingine. Mvua ilikuwa inatembea, paa kwa paa, ikija kwao.

"Naisikia," alinong'ona. "Mume wangu, naisikia! Miaka yote imekuwa ikija hivi?"

"Miaka yote."

Alibaki amefumba macho, amemshika mkono, mpaka mvua ikafika juu ya paa lao.

Nguo zote zililowa.