Askari wa Masikio Mawili

Tekla aliamka usingizi wa mchana ana jivu kidevuni. Nyumba yao ya Kinondoni ilipikia jiko la mafuta ya taa, jivu halikuwamo.

"Umelitoa wapi, mwanangu?" mama yake, Demetria, aliuliza.

"Nimepakwa, mama. Ili nionekane mkubwa."

Demetria aliogopa, kwani maneno hayo yalitoka kwenye mchezo wa mumewe. Mwaka ule watu wakigombea sukari ya foleni, Mwalimu Theonest alikuwa akipigana vita vya Paragwai juu ya meza ya chakula. Alivisoma kitabuni: karne iliyopita, huko Amerika ya Kusini, nchi moja ilipigana na tatu hadi wanaume wakaisha, wakapelekwa watoto waliobandikwa ndevu za uongo ili waonekane wakubwa, na nyasi walimokuwa zikateketezwa. Kila Jumapili alirusha dadu, akasogeza askari na farasi wa mpingo, apate kujua kama watoto wale wangeweza kuokoka. Kila mtu na wazimu wake.

Askari walichongwa na Polikarpo wa Temeke. Hakuwahi kumwona mtoto wa Paragwai, akawapa wote uso wa Tekla, aliyependa kukaa karibu yake akichonga. Ila kila mmoja alimnyima sikio moja.

"Marehemu babu alinikataza kukamilisha uso wa mtu aliye hai," alisema.

"Sasa amri watazisikiaje?" Theonest alitania.

Polikarpo akacheka, akawatia masikio. Walicheka wote wawili, Mungu awasamehe.

Tangu siku ya jivu, ngoma ikawa inalia kila adhuhuri chini ya meza, harufu ya nyasi zinazoungua ikajaa hadi kwenye mashuka, homa ikampanda Tekla, na farasi wa adui, ambao Theonest aliwarudisha nyuma kwa mkono wake mwenyewe, wakakutwa wamesogea tena kuelekea kwa watoto bila mtu kurusha dadu.

Wakamwita Fakihi, mganga wa Mbagala. Alifukiza ubani, akauliza, "Uliyempanda mtoto, wataka nini?"

Sauti nzito ya kiume ikatoka kinywani mwa Tekla. "Askari wangu. Wamenisikia."

Fakihi akanong'ona, "Yaondoeni yale masikio."

Polikarpo akaja mbio na patasi, akaigusisha kwenye sikio la askari mmoja. Tekla akapiga yowe, damu ikamtiririka shingoni.

"Mwalimu, siwezi," Polikarpo akalia. "Nitamuua."

Fakihi alikuwa ameshaanza kukunja mkeka wake.

Kuwachoma askari, nani angethubutu hata kulitamka? Ikabaki kuwazuia farasi. Theonest akalala kifudifudi juu ya meza, akawakumbatia, Polikarpo akaongeza mikono yake, na wanaume wale wawili wakabana kwa nguvu zao zote huku kwato ndogo za mpingo zikiwachimba vifua na jasho likiwadondoka.

"Tumewaweza," Theonest alinong'ona. "Demetria, mwambie mtoto tumewaweza."

Tekla akajibu mwenyewe kutoka chumbani, kwa sauti yake ile ile ya kitoto.

"Waache tu hao farasi, baba. Nyasi zimeshashika moto."