Walihifadhi, Hawakufahamu

Mwalimu Kidawa alirudi nyumbani kwao Makunduchi saa nane mchana, sauti imemkauka. Darasa lake la tano lina watoto themanini na wawili. Huwasomesha sayansi kwa Kiingereza, na kila siku hurudi hoi. Leo mkobani alikuwa na karatasi za mtihani.

Uani alimkuta dada yake, Kazija, akianika mwani pamoja na binti yake Tahiya. Tahiya ni mwanafunzi wa Kidawa.

"Mwanangu kapata ngapi?" Kazija aliuliza.

"Kumi na tisa kwa mia."

"Kumi na tisa! Na kila siku namsikia anasoma humu ndani!"

"Dada, hata mie nashangaa."

"Mie nshachoka kushangaa. Akifeli tena, skuli basi. Atalima mwani na mie."

Tahiya aliinamisha kichwa. Kidawa alitaka kubisha, lakini hakuwa na nguvu. Na angebisha vipi, ikiwa mwalimu ni yeye? Aliona aibu sana.

Tuseme ukweli. Kidawa alikuwa na bidii, lakini bidii yake ilipita njia isiyofaa. Aliandika maelezo ubaoni, watoto wakanakili, kisha wakayasoma kwa pamoja mpaka yakawakaa kichwani. Walishazoea hivyo chuoni, kwenye masomo ya Kurani, ambako mtoto wa miaka saba huhifadhi sura nzima. Kiswahili alikipiga marufuku darasani. Akiuliza, "Mmefahamu?" wote hujibu ndiyo kwa sauti moja. Basi yeye huendelea mbele.

Mwezi ule aliitwa mjini kwenye mafunzo ya walimu, Jumamosi sita. Alikwenda shingo upande.

"Jumamosi ndiyo siku yangu ya kufua," alinung'unika njia nzima.

Mkufunzi alikuwa Bi Badria, aliyesomesha miaka thelathini. Uso wake ulionyesha kuwa naye anajua kuchoka. Kidawa alimpenda kwa hilo.

"Shikamoo, Bi Badria."

"Marahaba. Haya, nipe karatasi moja niione."

Kidawa alimpa ya Tahiya. Swali liliuliza kwa nini nguo hukauka upesi penye upepo. Tahiya alikuwa ameandika maelezo yote ya ubaoni kuhusu maji kugeuka mvuke, bila kukosea hata herufi. Upepo hakuutaja.

"Huyu si mjinga," alisema Bi Badria. "Huyu kahifadhi. Hebu nambie, chuoni mtu akishahifadhi, hutafuta nini?"

"Tafsiri," Kidawa alijibu polepole.

"Ehe. Na weye tafsiri umewanyima."

"Lakini nikiwaachia Kiswahili, Kiingereza watakijua lini?"

"Mtoto atasemaje kwa lugha ngeni jambo asilolifahamu kwa lugha yake? Anza na kitu anachokijua. Waache wazungumze wawili wawili kwa Kiswahili. Kisha wape maneno matano ya Kiingereza, si hamsini, na kila neno liwe na kitu cha kushika au picha. Waandikie mwanzo wa sentensi, wao wamalizie. Na usiulize tena kama wamefahamu. Mwambie mmoja akuonyeshe."

"Watoto themanini na wawili, Bi Badria!"

"Ndiyo maana nkasema wawili wawili. Weye huwezi kuwasikiliza wote. Wao watasikilizana."

Jumatatu Kidawa alikwenda darasani na mwani mbichi na mwani mkavu. Somo likawa kelele tupu. Siku ya pili vilevile. Wiki ya pili alikaribia kurudia maelezo yake ya ubaoni, maana hayo angalau hayakumpigia kelele. Lakini alishikilia, kwa ajili ya Tahiya.

Wiki ya nne Tahiya alinyoosha mkono. Kwa Kiingereza cha kubabaika, aliuliza: maji ya mwani yamekwenda hewani, mbona chumvi imebaki? Kidawa alisimama na chaki mkononi. Miaka tisa anasomesha, na hilo lilikuwa swali la kwanza kuulizwa na mwanafunzi.

Mtihani ulipokuja, Tahiya alipata hamsini na nane. Kazija aliitazama karatasi kwa shaka.

"Safari hii umefahamu, au umehifadhi tu?"

Tahiya alichutama kando ya mwani. Akamweleza mama yake kwa nini unakauka upesi siku ya upepo na unachelewa siku ya mawingu. Kisha akayasema hayohayo kwa Kiingereza, taratibu, akisita na kutafuta maneno. Kidawa alikaa kizingitini, amechoka vilevile, akimwacha atafute mwenyewe.

Kazija hakufahamu Kiingereza kile. Lakini aliona kuwa mtoto hasomi karatasi, anafikiri.

"Kesho pwani nakwenda peke yangu," alisema. "Weye uwahi skuli."