Kikombe cha Mifupa

Rafiki yangu Mbula, mfinyanzi wa Mashimoni, hakuwahi kuheshimu chombo cha mzungu. Mwaka wa sabini na mbili alipeleka chungu Kawangware kwa Mutie, mpishi wa Wazungu. Wingu la mvua likatanda, chumba cha mabati cha Mutie kikaingia giza mchana. Mutie akamwonyesha kikombe chembamba alichoachiwa na bosi wake.

"Ona, dada. Kimetoka Staffordshire, Uingereza. Huko wamechoma vyombo miaka mia mbili na zaidi, hadi moshi ukafunika jua. Udongo wanachanganya na majivu ya mifupa ya ng'ombe."

"Mifupa? Kwani walikosa mchanga?" Mbula akafyonya. "Mama yangu angekitumia kufukuzia kuku tu."

Akakigonga kwa ukucha, kama anavyopima kila chungu. Kikalia, na hakikuacha. Mlio ukashuka, ukawa mzito kama wa ng'ombe zizini.

"Kelele za bure!" Mbula akasema.

Akakiziba mdomo kwa kiganja, maana ndivyo anavyonyamazisha chungu. Kikanyamaza. Kisha, ndani ya kikombe kile kitupu, ulimi wenye joto, wa kukwaruza, ukamlamba kiganja polepole, kama ng'ombe anayetafuta chumvi.