Chumvi ya Langoni

Kijijini kwa kina Dalle mtu hatoki msibani akaingia ndani bila kurushiwa chumvi ya kufukuza mazimwi, na mama mkwe wake, Bi Jomsun, ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote. Alikuwa akisimama nje ya lango akipiga kelele mpaka aletewe bakuli. Sasa safari hii, aliporudi kutoka kumzika dada yake ng'ambo ya mlima, alipitiliza tu mpaka barazani.

"Mama, chumvi!" Dalle alimkimbilia.

"Chumvi ya nini? Ya baba yako hiyo, uimwage ovyo? Lete mtoto nimbebe."

Dalle akacheka, akampa Bokhui, kichanga chake. Alipofika jikoni kicheko kilikuwa kimemkauka.

Kesho yake akaanza kumchunguza. Zamani kila asubuhi bibi huyo alizunguka mitungi ya mchuzi wa soya uani, anachovya kidole, analamba, kisha anamsema mtu. Sasa aliinua vifuniko, akanusa kwa mbali, akasema, "Mzuri." Mzuri! Tangu aolewe Dalle hajawahi kulisikia neno hilo kinywani mwake. Na mchuzi wenyewe ulikuwa unanuka udongo mbichi.

"Onja basi kidogo, mama."

"Nimeshiba."

"Tangu jana hujatia kitu mdomoni."

"We msichana! Unanihesabia matonge?"

Mume wa Dalle alikuwa mbali, kwenye machimbo ya makaa ya mawe. Ikabidi amnong'oneze jirani, Mama Changsu, juu ya ukuta.

"Shoga, yule aliyemo ndani si mama."

"Ebo! Koma kabisa! Ukimrushia chumvi mama mkwe kama unafukuza zimwi, ukoo mzima utakurudisha kwenu, na mtoto utamwacha hapa. Ni wao huyo, unajua."

Alijua, na ndicho kilichomtisha. Akikosea, Bokhui anakwenda. Akinyamaza na kumbe ni kweli, Bokhui anakwenda vilevile.

Mchana ule alikuwa akikata kabichi za kimchi, achari yao ya chumvi na pilipili, aliposikia wimbo wa kubembeleza mtoto ukitoka uani, sauti ni ya Bi Jomsun kabisa, ila haikutua hata mara moja kuvuta pumzi, ikaenda, ikaenda, na ile harufu ya udongo ikapanda mpaka jikoni, na kuku wote wakawa wamerukia ukutani wametulia kimya, na alipochungulia akamwona bibi yuko langoni, Bokhui kafungwa mgongoni kwa mbeleko, uso umeelekea njia ya makaburini, na mtoto yule anayelilia kila kitu halii.

"Mama, unampeleka wapi?"

"Kwa dada yangu. Hajamwona mjukuu wake."

Potelea mbali! Dalle alinyakua bakuli la chumvi ya kimchi, akamkimbilia, akamtwanga nayo yote.

Hapakuwa na moshi wala ukelele. Bibi alianguka kifudifudi, basi. Fundo la mbeleko lilikazwa hata vidole vikashindwa, Dalle akalifungua kwa meno. Bokhui akaangua kilio, na mama yake akalia naye kwa furaha.

Mama Changsu akaja mbio. "Uuwi! Jamani, kaua! Kamuua mama mkwe wake!" Alipiga magoti, akamgeuza Bi Jomsun, akamshika mashavu. Sauti ikamshuka. "Mbona wa baridi hivi? Mama Bokhui... huyu ameanza kuoza. Amekufa zamani huyu." Akamlalia kifuani akimlilia.

Mara kilio kikakatika. Mama Changsu aliinuka taratibu, akajifuta machozi, akamtazama mtoto.

"Pole, shoga," alisema kwa upole. "Kazi ya msiba ni nzito. Nipe huyo nikushikie."

Labda ulikuwa ni wema tu wa jirani. Dalle alimkumbatia binti yake, akachuchumaa bila kumwondolea macho mwanamke yule, na kwa mkono uliobaki akaanza kuizoa chumvi pamoja na vumbi lake.