Machicha ya Dawa Njia Panda

Jua lilikuwa linazama nyuma ya ukuta wa mji wetu wa Kaifeng, mama mkwe aliponikabidhi chungu cha dawa.

"Kamwage machicha njia panda," alininong'oneza. "Atakayeyakanyaga ataondoka na ugonjwa."

Mimi ni mtu wa kanisa. Nilijua ni dhambi. Lakini mwanangu Lanxin alikuwa anakohoa tangu majani ya miti yaanze kupukutika, na kila kikohozi kiliishia na mluzi mwembamba... kama birika linalokaribia kuchemka. Daktari alishatuambia tujiandae.

Nikaenda. Nikamwaga. Mizizi, maganda, harufu ya uchungu na moshi.

"Dada! Samahani, dada!"

Kijana wa kizungu, begi mgongoni, pua imeiva kwa jua. Kichina chake kilichechemea.

"Tangu asubuhi nazunguka. Nimeona mnara, nimeona ziwa, nimekula maandazi ya mchuzi mpaka suruali inalalamika. Sasa nimepotea. Stesheni ni wapi?"

"Katika mji mdogo hivi unapotea?"

"Mama yangu anasema hata jikoni kwake napotea."

Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka naye.

Machicha yalikuwa mbele ya miguu yake. Ningesema tu, "Zunguka, mdogo wangu." Neno lilishafika ulimini.

Nikanyoosha kidole.

"Moja kwa moja."

Kwach... Akayakanyaga.

"Asante, dada! Ubarikiwe!"

Hakufika mbali. Akasimama, akashika kifua, akakohoa. Na mwisho wa kikohozi...

Mluzi.

Nyumbani nilimkuta Lanxin ameketi kitandani, anakula tambi. Mama mkwe alikuwa analia kwa furaha. Nami nililia, ila sikujua nalia nini.

Asubuhi mtoto akaniambia, "Mama, yule kaka wa kizungu amelala sakafuni. Anaomba maji. Hakuna anayemsikia."

Lanxin hakuwa ametoka nje. Na mimi sikuwa nimemsimulia mtu.

Nilikimbia stesheni. Nikapita nyumba za wageni, moja baada ya nyingine. "Mzungu? Hapana, mama, hatujampata." Nikaenda kanisani na mwanangu, nikapiga magoti.

"Bwana, mponye yule mgeni..."

Kando yangu Lanxin akakohoa. Mluzi.

Nikanyamaza. Akatulia.

Nikajaribu tena, kimoyomoyo, hata midomo sikuitikisa. Akakohoa mpaka macho yakamtoka, akanishika nguo.

Nikaacha.

Sasa amenenepa, anaruka kamba uani na wenzake. Waumini wakianza kuombea wagonjwa na wasafiri, mimi humshika mkono tukatoka nje, tukasimama kwenye baridi hadi wamalize.

"Bado anaomba maji?" humuuliza.

"Bado, mama."