Tangazo la Farasi Asiyeuzwa

Jumapili, saa nne na dakika kumi asubuhi, Peadar Geraghty alisimamisha trela lake tupu kando ya barabara ya mji wa Killavarna. Akashuka na hatamu mpya mkononi, akaenda moja kwa moja kwa farasi jike mweusi wa mabaka meupe aliyefungwa nje ya karavani, nyumba ya magurudumu ya Christy Mongan.

"Nimekuja kumchukua."

"Kumchukua nani?" Christy akauliza. "Huyo ni Dilly. Siuzi, hata ukinipa kanisa na mnara wake."

Sajini Úna Hession wa polisi alipofika saa tano aliwakuta wanaume wawili wameshika kamba moja, na nusu ya mji imetoka misani kuja kutazama. Peadar, mwalimu mstaafu aliyefiwa na mkewe mwezi wa nne, alimwona farasi huyo akiuzwa mtandaoni. Jina la muuzaji: C. Mongan. Nusu ya bei alikwisha kuituma.

"Ulimwona kwanza?"

"Kwenye picha."

"Uliomba pasi yake ya utambulisho? Namba ya chipu ya shingoni?"

"Alisema nitavipata siku ya kumchukua."

"Mliongea uso kwa uso, hata kwa video?"

"Alisema mtandao wa kambini mbovu." Peadar akainama. "Nimefundisha hesabu miaka thelathini na minane, Sajini. Usinitazame hivyo."

Mtu akapaza sauti kutoka kwenye umati: "Wasafiri hao! Mlitegemea nini?"

Ndivyo Killavarna ilivyo. Wasafiri, watu wa karavani, wako kando ya barabara ile tangu babu zao walipokuwa wakiziba masufuria ya mji mzima. Lakini kuku akipotea, mji haumuulizi mbweha. Mwaka wa themanini na mbili walichomewa karavani mbili, na mpaka leo hakuna aliyeona kiberiti. Tupo tunaokumbuka.

Úna akafanya alivyofundishwa. Mali ina ubishi, farasi hana chipu: akatia saini, Dilly akapelekwa zizi la halmashauri. Huko farasi hupewa siku tano. Mwenyewe asipothibitika hadi Ijumaa, farasi anachomwa sindano ya kumuua.

"Sajini," Christy alisema trela la halmashauri lilipoondoka, "karatasi sina. Nina miaka kumi na mmoja ya kumlisha kwa mkono huu. Hiyo unaiandika wapi?"

Usiku ule Úna hakulala vizuri.

Benki, alipoiuliza pesa za Peadar ziliingia akaunti ya nani, ilisema itajibu baada ya wiki tatu. Zikabaki picha na jumbe za muuzaji. Jumatatu saa mbili asubuhi alimwonyesha Christy picha ya tangazo. Mguu wa mbele wa Dilly ulikuwa na bendeji.

"Hiyo nilimfunga Jumanne iliyopita asubuhi, alijikata na waya," Christy akasema. "Alfajiri ya Jumatano alikuwa ameshaing'oa kwa meno."

Tangazo lilibandikwa Jumanne hiyo, saa tatu usiku. Basi picha ilipigwa mchana ule ule.

"Nani alifika hapa Jumanne?"

"Bartley, fundi wa kwato za farasi. Na Fintan Loftus, yule dalali wa nyumba anayekusanya saini ili tufukuzwe. Alikuja kuhesabu mbwa wetu."

Bartley alikuwa na ugomvi wa siku nyingi na Christy, na Jumatatu hiyo hakuonekana karakana wala baa. Úna alimpata Jumanne saa nane mchana.

"Mbona ulijificha jana?"

"Nilijificha? Niling'olewa jino, mwanamke! Tazama!" Akaachama, na kweli, pengo lilikuwa bado linavuja.

Úna akamsomea ujumbe wa muuzaji: "Njoo na hela ya bahati mkononi, euro hamsini juu ya bei. Ndiyo mila yetu."

Bartley akacheka hadi akashika shavu. "Mnunuzi ndiye atoe? Tangu lini? Mkipigana mkono kufunga biashara, muuzaji humrudishia mnunuzi kidogo, farasi aende na heri. Mtoto wa Msafiri anayenyonya analijua hilo. Aliyeandika huo ujumbe hajauza hata bata gulioni. Christy simpendi, lakini hilo halijatoka kinywani mwake."

Jumatano kutwa Úna alikwama mahakamani kwa kesi nyingine. Bado siku mbili, alijiambia.

Alhamisi saa tatu asubuhi aliingia ofisini kwa Fintan Loftus. Dirishani kulikuwa na picha za nyumba tisa mpya, zote hazijapata mnunuzi, zote nyuma ya ukuta wa kambi.

"Nataka kuona ushahidi dhidi ya Wasafiri mtakaoupeleka halmashauri," Úna akasema.

"Hatimaye mtu wa serikali anayetujali!" Fintan akampa jalada. Ukurasa wa nne alikuwepo Dilly na bendeji yake, mkia umerushwa upande, kunguru ametua ukutani. Tangazo lilikuwa picha hiyo hiyo, iliyokatwa pembeni tu.

"Picha nzuri. Nani aliipiga?"

"Mimi mwenyewe. Jumanne."

"Umempa mtu mwingine?"

"Wenzangu wa kamati ya saini wataiona leo kwa mara ya kwanza."

"Na gulioni, Bwana Loftus, hela ya bahati hutolewa na nani?"

"Si mnunuzi?"

Úna akaiweka simu yenye tangazo kando ya jalada. Fintan alitazama kunguru, akatazama tena.

"Mwalimu ningemrudishia pesa zake," akasema mwishowe. "Sikuzitaka. Miaka minne nyumba zile zinaoza! Nani anunue nyumba dirisha likitazama karavani? Saini peke yake hazitoshi. Ulihitajika wizi, wenye jina lao. Na ninyi mliamini siku hiyo hiyo, Sajini. Sikulazimika hata kuwashawishi. Kwani ni nini? Farasi mmoja."

Úna alimfunga pingu, akapiga simu zizini akiwa bado mle ofisini.

"Yule wa mabaka?" mhudumu akajibu. "Ameshachomwa sindano jana asubuhi. Mguu ulikuwa umeoza, daktari akaona hakuna haja ya kungoja Ijumaa. Mlisema ana mwenyewe?"

Saa sita mchana Úna alisimama mbele ya karavani, kofia mkononi. Alieleza yote: picha, ujumbe, nyumba tisa, na saini yake mwenyewe.

"Alipigana nao?" Christy akauliza.

"Hapana. Wanasema alitulia tu. Alimnusa daktari mfukoni."

Christy akatikisa kichwa polepole.

"Mimi ndiye niliyemfundisha," akasema, "asiogope watu."